Chelezo, rudufu na diski ya nakala za nyumbani

Neno bakapu limeshika mizizi katika Kiswahili cha mafundi. Peleka kompyuta iliyokataa kuwaka Kariakoo au Luthuli, na swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Ulifanya bakapu?" Watafsiri wa programu hawakuridhika nalo, wakatuletea mengine mawili. Nakala rudufu ndilo lililoenea zaidi. Chelezo limebaki nyuma, likionekana hapa na pale katika menyu za programu pamoja na kitenzi chake, kucheleza. Wengi wetu huyatumia kama visawe. Hoja yangu ni kwamba yatenganishwe, kwa sababu yanataja kazi mbili tofauti za diski, na anayezichanganya anaweza kulipa fedha nyingi akarudi nyumbani na kitu ambacho hakitamsaidia siku ya balaa.

Tuanze na rudufu. Hili ni neno la idadi. Kurudufu ni kukifanya kimoja kiwe viwili au zaidi, vyote vikifanana. Waliosoma kabla fotokopi hazijaenea wanakumbuka mitihani ilivyorudufiwa: mwalimu anachapa stensili kwa taipureta, anaifunga kwenye mashine, anazungusha mpini, karatasi zinatoka zikinukia wino. Kila karatasi ni sawa na mwenzake. Kosa lililokuwa kwenye stensili linatoka kwenye karatasi zote. Rudufu inaahidi ufanano, na ahadi yake inaishia hapo.

Chelezo limetoka baharini. Ni kitu cha kuelea, boya linalofungwa kwenye kamba ya nanga au ya mtego ili lionekane juu ya maji na kumwonyesha mtu kilichoko chini. Mzizi wake ni elea. Kitenzi kucheleza kina ukoo mwingine kabisa: kinatoka katika kucha, kule kule yalikotoka maneno macheo na chelewa, na maana yake ya zamani ni kukiweka kitu kilale hadi kesho yake, kama chakula kilichotengwa kwa ajili ya asubuhi. Waliochagua neno hili kwa ajili ya kompyuta huenda walikuwa na jambo moja tu akilini, lakini mimi naona ni bahati njema kwamba njia mbili zimekutana hapa. Kitu kilichotengwa leo kwa ajili ya kesho, na kinachobaki juu ya maji chombo kikizama: sijui kama kuna lugha yenye neno linaloieleza kazi hii vizuri kuliko hilo.

Kwa hiyo napendekeza fasili mbili. Rudufu ni nakala inayokwenda sambamba na chanzo chake, ikibadilika kinapobadilika. Chelezo ni nakala iliyotengwa na chanzo kwa mahali na kwa wakati, ili lililokifika chanzo lisiifikie. Wingi wake ni vyelezo, na nyumba yenye busara ina zaidi ya kimoja.

Urudufu una historia yake yenye heshima. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala iliyopendekeza kwamba badala ya kununua diski moja kubwa ya bei ghali, mtu aunganishe diski nyingi ndogo za bei nafuu zifanye kazi kama moja. Wakauita mpangilio huo RAID, nami nauita safu rudufu. Katika ngazi yake ya 1, diski mbili huandikiwa kitu kile kile kwa wakati ule ule. Moja ikifa, ya pili inaendelea na mashine haizimwi. Diski hizo tuziite diski pacha. Kwa benki au hospitali isiyoweza kusimama hata kwa saa moja, huu ni mpango wa lazima.

Leo mpango huo umeingia majumbani. Kuna visanduku vidogo vya kuchomeka kwenye ruta, vyenye nafasi ya diski mbili au nne, ambavyo kila kompyuta na simu ya nyumbani huviona kupitia waifai. Kwa Kiingereza huitwa kwa kifupi NAS. Hifadhi ya mtandao wa ndani ni jina linalotosha. Mnunuzi huambiwa kwamba akiweka diski pacha, kila faili litakuwa na nakala rudufu. Ni kweli tupu. Lakini mtoto akifuta folda ya picha saa 4 usiku, diski zote mbili zimeifuta saa 4 usiku. Faili likiharibika, limeharibika mara mbili. Mwizi akibeba kisanduku, amebeba zote. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, unapitia adapta moja kwenda kwa pacha wote wawili. Na tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha WannaCry kiliposambaa duniani kikifunga mafaili na kudai fidia, hakikuishia kwenye diski ya ndani. Kilifunga mafaili ya kila diski ambayo kompyuta iliyoambukizwa iliweza kuiona. Nakala inayoonekana muda wote ipo hatarini muda wote.

Kisa cha filamu ya Toy Story 2 kinafaa kusimuliwa hapa. Mwaka 1998, katika studio ya Pixar, amri moja ya kufuta ilipigwa mahali pasipofaa, na wasanii wakaanza kuona sehemu za filamu zikitoweka mbele ya macho yao. Walipokimbilia nakala za ofisini wakagundua kwamba mfumo wake haukuwa umefanya kazi sawasawa kwa muda, na hakuna aliyekuwa ameupima. Kilichowaokoa ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa ufundi, ambaye alikuwa amejifungua na akawa anafanyia kazi nyumbani. Ilibebwa kwenye gari, imefungwa mablanketi, hadi studio. Hakuna aliyekuwa ameipanga kuwa chelezo, lakini ilikuwa na sifa zake zote mbili: ilikuwa mbali, na ilikuwa imebaki katika hali ya siku za nyuma.

Sifa ya pili, ya wakati, ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayopaswa kuamua ukubwa wa diski utakayonunua. Chelezo chema hakitunzi jana peke yake. Kinatunza jana, wiki iliyopita na mwezi uliopita, kwa sababu uharibifu mwingi hugunduliwa kwa kuchelewa: unafungua tasnifu yako mwezi Machi na kukuta sura ya tatu iliharibika Januari. Time Machine, programu ambayo Apple iliitoa mwaka 2007, hutunza nakala za kila saa kwa siku iliyopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma yake, hadi diski ijae. Haikopi kila kitu upya. Inachukua yaliyobadilika tu. Apple wenyewe wanashauri diski iwe na angalau mara mbili ya nafasi ya kompyuta, na sioni sababu ya wenye Windows au Linux kutumia kipimo kingine.

Chukua nyumba ya Dar es Salaam yenye laptop ya mwalimu iliyojaa gigabaiti 300, kompyuta ya mezani yenye hesabu za duka na video za harusi, gigabaiti 700, na laptop ya mwanafunzi, gigabaiti 200. Jumla ni terabaiti 1.2. Ukizidisha mara mbili unapata 2.4, na video haziachi kuongezeka, kwa hiyo diski ya terabaiti 4 ndiyo ya kununua. Ukiichomeka, Windows itakuonyesha 3.63 na utahisi umepunjwa. Hujapunjwa. Mtengenezaji anahesabu terabaiti kuwa baiti trilioni moja kamili, ilhali Windows inagawanya kwa 1,024 hatua kwa hatua. Tangu mwaka 1998 kuna majina rasmi ya kimataifa ya vipimo hivyo vya 1,024, kibi, mebi, gibi na tebi, ila watengenezaji wa programu hawakuyakumbatia wote.

Nunua diski mbili za ukubwa huo, na usizifanye pacha. Moja ikae nyumbani ikipokea nakala, nyingine ikae kwa dada yako Tegeta au ofisini, na zibadilishane nafasi kila mwezi. Hii ndiyo namna nyepesi ya kutimiza kanuni ambayo mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliieneza kupitia kitabu chake cha utunzaji wa picha: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Wengine watasema nakala ya nje iwekwe kwenye wingu la intaneti. Kwa hati na picha chache, sawa. Kwa nyumba nzima, piga hesabu kwanza. Kupandisha gigabaiti 500 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kunachukua zaidi ya siku 9 bila kupumzika, na hapo hatujataja bando. Diski ndani ya mkoba inafika Tegeta kabla ya adhuhuri.

Kuna hesabu nyingine inayoeleza kwa nini utengano una thamani kuliko idadi. Backblaze, kampuni ya Marekani inayotunza data za watu, imekuwa ikitangaza takwimu za vifo vya diski zake tangu mwaka 2013, na kwa miaka ya karibuni wastani ni diski moja au mbili katika kila 100 kwa mwaka. Uwezekano wa diski zako zote mbili kufa mwaka mmoja, ukichukua 2 katika 100 kwa kila moja, ni 4 katika 10,000. Lakini hesabu hiyo inasimama ikiwa kifo cha moja hakina uhusiano na kifo cha nyingine. Pacha waliotoka kiwandani siku moja, wakiwa ndani ya kisanduku kimoja, wakinywa umeme wa adapta moja na kupata joto la chumba kimoja, wana uhusiano mkubwa sana. Iliyoko Tegeta haina.

Sasa tuitazame diski yenyewe, na tuanze na jina. Vitabu vingi huiita diski kuu, kwa vile ndiyo iliyobeba mfumo wa kompyuta. Jina hilo linafaa kwa diski ya ndani, lakini inayokaa kabatini ikingoja siku ya shida si kuu ya kitu chochote. Diski ngumu ni jina bora: inaitwa hivyo kwa sababu sahani zake ni za alumini au kioo, tofauti na zile diski laini za plastiki tulizokuwa tukitembea nazo zamani. Mafundi huiita eksteno ikiwa ndani ya kasha lake la kuchomeka USB, na neno hilo nadhani limeshajipatia uraia. Ya kwanza ya ukoo huu, IBM 350 ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, na ilibeba herufi milioni 5 tu.

Muuzaji atakuuliza unataka diski ngumu au SSD. Kwa chelezo, chukua diski ngumu. SSD haina kinachozunguka, ina kasi kubwa na haiogopi kuangushwa, nami ningeiweka ndani ya kila kompyuta ya nyumba hii. Lakini hutunza data kwa chaji ya umeme ndani ya vijiseli vyake, na chaji hiyo huvuja polepole ikikaa muda mrefu bila kuwashwa, hasa penye joto. Kwa kila terabaiti, pia, diski ngumu bado ni nafuu sana.

Kuhusu kasi, usilipie mizunguko 7,200 kwa dakika. Diski ya 5,400 ya kisasa huandika faili kubwa kwa megabaiti 100 na zaidi kwa sekunde, na waya wa mtandao wa gigabiti 1 unapitisha takriban 110. Terabaiti 1.2 za nyumba yetu zitapita kwenye waya huo kwa saa 3 hivi. Kwa waifai inayotoa megabaiti 25 kwa sekunde, zitachukua saa 13 na kidogo. Anayetaka kasi anunue waya, si diski. Nakala ya kwanza ifanyike kwa waya. Zinazofuata ni za mabadiliko tu, na waifai inazimudu.

Lipo neno moja ambalo halionekani kwenye kasha lakini linafaa kuulizwa. Diski za kawaida huandika data katika njia zilizolala sambamba bila kugusana. Kifupi chake ni CMR. Ili kubana nafasi zaidi, wahandisi walibuni njia zinazopandana, kila moja ikifunika ukingo wa mwenzake, na wakaziita SMR. Jina lake la Kiingereza limetokana na vigae vya paa, na kwa Kiswahili ningeziita diski za makuti. Ukitaka kubadilisha kuti la katikati ya paa huna budi kuinua yaliyolifunika, na diski hizi hufanya hivyo hivyo: kuandika upya sehemu ndogo kunazilazimu kuandika upya eneo zima linalofuata. Zikiandikiwa kwa mfululizo, nakala moja kubwa kisha nyongeza ndogondogo, hazina tatizo, na eksteno nyingi ndogo za mfukoni zenye terabaiti 2 na kuendelea ni za aina hii. Zikitiwa kwenye safu rudufu, ambapo diski mpya hulazimika kujazwa upya kwa kasi mwenzake anapokufa, zinaweza kuelemewa kabisa. Mwaka 2020 ilibainika kwamba Western Digital ilikuwa imeziweka diski za makuti katika baadhi ya WD Red, aina iliyouzwa mahsusi kwa visanduku vya mtandao, bila kuwaeleza wanunuzi. Baada ya malalamiko, kampuni ilizitenga za CMR kwa jina la Red Plus. Kwa kifupi: eksteno ya kuchomeka na kuchomoa inaweza kuwa ya makuti, ya kisanduku isiwe.

Je, kisanduku kinunuliwe au la? Kwa nyumba yenye kompyuta tatu ningekinunua, kwa sababu binadamu husahau kuchomeka eksteno, lakini kisanduku hupokea nakala kila usiku bila kukumbushwa. Ningekiwekea UPS ndogo, maana diski inayokatiwa umeme ikiwa katikati ya kuandika inaweza kuacha faili nusu. Kisha ningekichomekea eksteno mara moja kwa wiki ili ichukue nakala ya kisanduku chenyewe, na ningeichomoa ikimaliza. Kisanduku ndicho mahali pa kukusanyia. Eksteno iliyochomolewa ndiyo chelezo. Bajeti ikiruhusu kimoja tu, nunua eksteno mbili na uache kisanduku dukani, wala usione umechagua cha chini.

Jihadhari na bidhaa za bandia. Kasha la eksteno linaweza kubeba jina lolote, lakini diski ngumu zote mpya zilizomo duniani leo hutengenezwa na kampuni tatu: Seagate, Toshiba na Western Digital. Ukikuta kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachodai terabaiti 16 kwa bei ya fleshi ya kawaida, ndani mna kadi ndogo iliyofundishwa kusema uongo. Itapokea mafaili yako yote, itaonyesha majina yake yote, na mengi yatakuwa matupu. Kabla ya kuiamini diski yoyote mpya, ijaze hadi mwisho kwa programu kama H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, ambazo huandika data ya majaribio kisha huisoma tena na kulinganisha. Inaweza kuchukua siku nzima, na siku hiyo ina faida kubwa. Uchunguzi wa Google wa mwaka 2007, uliohusu diski zaidi ya 100,000, uligundua kwamba diski ikionyesha kosa lake la kwanza katika ukaguzi, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 huwa mara 39 ya zile ambazo hazijaonyesha kosa. Kosa la kwanza ni sababu tosha ya kuirudisha dukani ingali na waranti.

Diski inayosafiri isimbwe kwa njia fiche, maana ikiibwa njiani imebeba maisha ya nyumba nzima, kuanzia vyeti hadi picha za watoto. Nenosiri lake liandikwe kwenye karatasi na kuwekwa nyumba tofauti na ile iliko diski. Kwa wakazi wa pwani, kifuko cha kunyonya unyevu ndani ya mkebe unaofunga vizuri kinasaidia. Hewa ya chumvi inakula viunganishi vya USB kuliko inavyokula diski.

Limebaki neno kurejesha, ambalo halina mgogoro wa istilahi lakini ndilo linalotendwa mara chache kuliko yote. Pixar walikuwa na nakala. Walichokosa ni mtu wa kujaribu kuzirejesha. Mara moja kila baada ya miezi mitatu chagua faili moja kutoka kila kompyuta, lirejeshe kutoka kwenye diski ya Tegeta, tena katika hali lililokuwa nayo mwezi uliopita, na ulifungue. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya kasha. Kasha lenye tarehe ya zaidi ya miaka mitano nyuma listaafishwe hata kama diski yake bado inazunguka vizuri, na kabla hujampa mtu, ifute kwa kuiandikia sifuri mwanzo hadi mwisho. Kuifomati kwa haraka kunaacha mafaili mahali pake.